Askari wa kweli au askari wa kujiundia

Mpwa wangu alishuka stendi ya Magufuli kule Mbezi Luis magharibi imeshaingia, akitokea Songea. Amemaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo. Zamani angeshukia hapa hapa Ubungo, nikampokea kwa ndala. Tangu stendi ihame mwaka 2021, kumpokea mgeni imekuwa safari ya kujitegemea. Tulikuwa tumesimama ndani ya daladala, Kimara bado iko mbali, aliponiuliza: "Anko, mtu akiwa na laki moja na nusu, anunue gemu gani ya vita?"

Laki na nusu hiyo ilikuwa yake, ya kubeba tofali miezi miwili. Mtu wa namna hiyo hajibiwi ovyo. Nikamuuliza anataka gemu ya aina gani hasa. Akasema anataka vita kama vilivyokuwa kweli, maana shule iliwapeleka Makumbusho ya Majimaji pale pale Songea, na tangu siku hiyo hana hamu na gemu zinazobahatisha historia. Nikasema sawa. Kabla sijafunga mdomo akaongeza: na awe anajiundia vikosi mwenyewe, achague silaha, apange idadi, abadilishe atakavyo.

Hapo ndipo hesabu ilipoanza kuuma. Uhalisi wa historia na uhuru wa kujiundia kikosi hutangazwa pamoja, lakini dukani ni bidhaa mbili, na hiyo ya pili mara nyingi inauzwa vipande vipande kama nyama ya buchani. Wiki mbili tulikaa sebuleni na kalamu na daftari.

Kabla ya gemu kuna mashine. Banda la gemu la mtaani kwetu, kama mabanda mengine ya Ubungo na Manzese, lina mpira na mbio za magari: unatoa jero, mechi inaisha, unampisha mwenzako. Gemu ya mikakati haipangishwi hivyo. Mchezo mmoja wa Hearts of Iron IV, kuanzia mwaka 1936 hadi Vita Kuu ya Pili iishe, unaweza kula saa ishirini na zaidi. Mwenye banda atafilisika au utafilisika wewe. Kwa hiyo tukatoa kabatini laptopu yangu ya zamani, RAM GB 4, bawaba moja imefungwa kwa gundi, na hesabu zote zikafanywa kwa mashine hiyo.

Umeme kwangu unanitoka kama shilingi 356 kwa uniti. Laptopu inayokula wati 60 ikichezewa saa nne haimalizi robo ya uniti: shilingi kama 85 kwa siku, 2,600 kwa mwezi. Kompyuta ya mezani yenye kadi kubwa ya picha, inayokula wati 250, inamaliza uniti nzima kwa saa hizo hizo, yaani zaidi ya 10,000 kwa mwezi. Wanaouza zile kompyuta za taa za rangi rangi hawakutajii hilo.

Halafu bando. TCRA iliweka mwaka 2021 kiwango cha kati ya shilingi 2.03 na 9.35 kwa MB moja. Tukikamata ile bei ya chini kabisa, GB moja inakaribia 2,100. Age of Empires II: Definitive Edition inaomba nafasi ya GB 30 kwenye diski. Tuseme unachopakua ni nusu yake tu: bado ni elfu thelathini na moja za bando, kwa gemu iliyotoka mwaka 2019 ikiuzwa dola 19.99. Nikibadilisha dola kwa 2,500 ili kichwa kisiniume, gemu ni elfu hamsini. Yaani njia ya kuileta nyumbani inakula zaidi ya nusu ya bei ya kitu chenyewe. Mwenye jamaa kwenye ofisi yenye intaneti ya bure na amnunulie soda.

Ndiyo maana tulianza na za bure, na bahati nzuri mbili kati ya hizo zimekaa kama mizani yenyewe, kila moja upande wake.

Ya kwanza ni 0 A.D., kazi ya watu wanaojitolea wanaojiita Wildfire Games. Ni GB moja na ushee. Inahusu karne tano za mwisho kabla ya Kristo, na jina lake ni utani wa wapenda historia, kwa kuwa mwaka sifuri haukuwahi kuwepo. Wamo Wagiriki, Warumi, Wakarthago, na wamo Wakushi na piramidi zao zilizochongoka, jambo ambalo gemu nyingi za kulipia hazikuwahi kulikumbuka. Vikosi vinaitwa kwa lugha za wenyewe. Ila humgusi askari. Ngao aliyokuja nayo ndiyo ngao yake, mkuki ndio huo huo. Wewe unamfundisha, unamlisha, unampeleka. Mpwa wangu aliipenda siku tatu, ya nne akaanza kulalamika kwamba anaongoza jeshi la watu wengine.

Ya pili ni Warzone 2100. Ilitoka mwaka 1999 kama gemu ya kulipia, waliyoitengeneza Pumpkin Studios. Mwaka 2004 msimbo wake ukaachiwa umma, na tangu hapo inaendelezwa bure. Humu unajiundia kila kitu: unachagua bodi, unachagua itembee kwa magurudumu au kwa minyororo, unachagua silaha ya juu, unaipa jina, kiwanda kinaitoa. Historia haimo hata chembe, dunia inaanza ikiwa imeshateketezwa kwa nyuklia. Jioni ya kwanza kijana aliunda magari kumi na manne. Kufikia mwisho wa wiki alikuwa anatumia mawili. Niliandika hilo kwenye daftari na kulipigia mstari, kwa sababu ndilo swali la kumuuliza kila anayekuuzia uhuru wa kuunda: katika hayo yote, mangapi yatafanya kazi?

Sasa za kulipia.

Kwenye simu, ROME: Total War ya Feral iliingia Android mwishoni mwa mwaka 2018 kwa dola 9.99, elfu ishirini na tano zetu, unalipa mara moja na imeisha. Vita vyake ni vya kupendeza, maelfu ya watu wanagongana uwanjani. Lakini ni gemu ya mwaka 2004 iliyohamishiwa kwenye simu pamoja na dhambi zake. Inaanza mwaka 270 kabla ya Kristo, wakati Misri inatawaliwa na akina Ptolemayo, Wamasedonia wenye mikuki mirefu. Gemu ikawapa magari ya kukokotwa na farasi na vilemba vya enzi za Farao Ramses wa Pili, aliyekufa zaidi ya miaka 900 kabla ya hapo. Ni sawa na kumvisha mwanajeshi wa leo mavazi ya Kilwa ya kabla Ibn Battuta hajafika. Kwenye kompyuta wapenzi wa historia waliirekebisha bure kwa kazi yao kubwa iitwayo Europa Barbarorum. Mwenye simu anabaki na Ramses.

Civilization VI nilimwonyesha kwa sababu Zanzibar imo, kama mji huru wa biashara. Ukiwa mlezi wake unapewa karafuu na mdalasini, bidhaa ambazo huzipati kwa njia nyingine yoyote. Inafurahisha, mpaka ukumbuke kwamba gemu inaanza miaka 4000 kabla ya Kristo na karafuu zilipandwa Unguja karne ya kumi na tisa. Hatukukaa sana hapo.

Age of Empires II ina jambo lake. Nyongeza ya mwaka 2015 iliyoleta Waethiopia, Wamali, Waberberi na Wareno imo ndani ya toleo la sasa bila malipo ya ziada, na kampeni moja inamfuata Francisco de Almeida. Kijana hakumjua. Nikamweleza: ndiye aliyeingia Kilwa Julai 1505 na kuichoma Mombasa mwezi uliofuata. Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo mimi ndiye nachoma?" Ndiyo, mjomba, kwenye hiyo kampeni uko melini. Historia kuwa sahihi ni jambo moja, na umesimama upande gani wa ufuko ni jambo jingine, na hilo la pili haliandikwi kwenye bei. Kuhusu kujiundia: hakuna. Unanunua maboresho, panga linakuwa kali zaidi, basi.

Tukabaki na Hearts of Iron IV ya Paradox, na hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo pesa ya mtu inapopotea au inapookoka.

Ilitoka Juni 2016 kwa dola 39.99, kama laki moja. Ukianza mchezo kuna kisanduku kidogo: ukikitia alama, nchi zinazoendeshwa na kompyuta zinafuata njia ya historia yenyewe, ukikiacha, kila nchi inakwenda na wazimu wake. Kwa hiyo uhalisi huo ni bure, ni alama ya vema tu. Na ndani ya gemu hiyo hiyo kuu kuna ubao wa kupangia divisheni: unaweka bataliani za miguu hapa, mizinga pale, wahandisi na madaktari pembeni, unalipia kwa uzoefu wa vita na si kwa shilingi. Tayari una vyote viwili.

Lakini duka halitaki uishie hapo. Karakana ya kuundia meli ilikuja na nyongeza ya Man the Guns mwaka 2019, ya vifaru ikaja na No Step Back mwaka 2021, ya ndege na By Blood Alone mwaka 2022. Kila moja ilitoka kwa dola 19.99. Jumlisha: karakana tatu, dola sitini, laki moja na nusu. Pesa yote ya kijana, na gemu yenyewe hajainunua. Nyongeza nyingine za zamani zimeshaingizwa kwenye gemu kuu kadiri miaka ilivyokwenda, kwa hiyo anayengoja analipa kidogo kuliko mwenye haraka. By Blood Alone ina cha ziada cha kututamanisha sisi, kwani ndiyo iliyoipa Ethiopia ya Haile Selassie njia zake yenyewe badala ya zile za jumla.

Kilichonigusa ni kingine. No Step Back ilipotoka, Paradox walibadilisha pia mfumo mzima wa ugavi: reli, vituo vya kugawia chakula na risasi, jeshi linalosimama kwa sababu treni haifiki. Hiyo waliitoa bure kwa kila aliyekuwa na gemu. Karakana ya vifaru ilikuwa ya kulipia. Kwa mtu wa kwetu hapo ndipo palipo na utamu wote, na ili nimweleze kijana sababu ilibidi nimpeleke Kariakoo.

Tulikuwa tunakwenda hata hivyo, kutafuta RAM. Tukapanda mwendokasi hadi Gerezani, tukaingia vichochoroni. Nikamuuliza kama anajua jina Kariakoo limetoka wapi. Hakujua. Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, waliopiga kambi hapa baada ya Dar es Salaam kutekwa Septemba 1916. Midomo ya wenyeji ikaligeuza. Ng'ombe na farasi walikufa kwa mbung'o, kwa hiyo vita vikabebwa kichwani. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa njaa, malaria na kuhara kuliko kwa risasi. Katika jeshi la Wajerumani nako, kampuni moja ilikuwa na askari kati ya 150 na 200, bombomu mbili, na nyuma yao wapagazi wengi kuliko askari wenyewe.

Na hao askari, silaha zao? Hapa ndipo mabishano ya uhalisi na kujiundia yanaponivunja mbavu. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilikomea kwenye delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake kumi ya milimita 105 ikaopolewa, ikaletwa Dar es Salaam, karakana zikaiundia magurudumu, ikawa mizinga ya nchi kavu. Mmoja ulipelekwa Kigoma ukafungwa kwenye meli Goetzen, ambayo nayo ilitoka Ujerumani vipande vipande ndani ya makasha, ikapita bandarini hapa, ikapanda treni, ikaunganishwa ziwani. Sasa tunaiita MV Liemba. Waingereza nao waliopoa mizinga ya manowari yao Pegasus, iliyozamishwa Zanzibar Septemba 1914, wakaitembeza bara. Mzinga mmoja wa kila moja ya manowari hizo mbili umesimama Fort Jesus, Mombasa, jirani na mwenzake. Amani, kule Usambara, Wajerumani walitengeneza kwinini. Tabora walipiga sarafu za dhahabu zenye tembo kwenye karakana ya reli.

Hao wote walikuwa wanajiundia vikosi. Tofauti ni kwamba kila kilichoundwa kilihitaji kubebwa na mtu, mzinga mmoja mamia ya watu kwenye tope la Rufiji. Mchezaji anayeweka mzinga mzito kwenye divisheni yake na asione mgongo wa yeyote unapinda ananunua sanamu za kuchezea, hata kama kofia za askari zimechorwa sahihi mpaka kifungo cha mwisho. Ndiyo maana sikumshauri kulipia karakana. Nilimshauri alipie gemu ambayo karakana yake ina deni la ugavi, na kwa bahati sehemu hiyo ni ya bure.

Fundi wa RAM, alipotusikia, akatupa njia yake ya mkato: "Mkuu, hizo gemu zote ninazo kwenye flashi, na nyongeza zake zote. Elfu kumi." Kijana akanitazama. Sikumlaumu, nami nilipitia njia hiyo miaka ya nyuma, kwa muuzaji mwingine mtaa mwingine. Gemu ilifunguka vizuri. Siku ya tatu picha zote za harusi ya dada yangu, yaani mama yake huyu huyu, zikageuka faili zisizofunguka. Tukiacha hakimiliki kando, nakala ya flashi haipokei marekebisho, na haikupi kwa urahisi kazi za bure za wapenzi zinazopatikana Steam, kama ile The Great War inayoirudisha Hearts of Iron IV kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Ukinunua gemu kuu halali na kuongeza hizo za bure, unapata historia na kujiundia kwa wingi kuliko aliyelipia karakana tatu.

Mzee mmoja kijiweni kwetu, tulipomsimulia haya akiwa kwenye bao, alicheka hadi kikohozi. Yeye ana mashimo 32 na kete 64, hakuna kete iliyo bora kuliko nyingine, na hajawahi kununua nyongeza tangu ubao wake uchongwe. Alimfunga mpwa wangu mara nne, mara mbili kabla hata ya kumaliza kunamua. Ningeliweka bao kwenye orodha hii kama chaguo la bei nafuu kuliko yote, isipokuwa lina gharama moja: linahitaji mtu wa kukufunga.

Matumizi yetu yalikuwa hivi. RAM ya mtumba ya GB 4, elfu thelathini na tano. Hearts of Iron IV gemu kuu peke yake, tulingoja moja ya zile siku za punguzo kubwa zinazorudi mara kadhaa kwa mwaka, nikalipa kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu; haikufika elfu arobaini. Bando la kuipakua na la zile mbili za bure, elfu kumi na tano. Kwenye laki na nusu yake ikabaki sitini na ushee. Karakana ya vifaru akasema ataifikiria mwakani ikishuka zaidi. Kama pesa ingekuwa yangu na ningekuwa na simu tu, ningenunua Rome na kumvumilia Ramses.

Usiku wa kwanza alicheza Uingereza, kwa kuwa mwaka 1936 Tanganyika ilikuwa chini yake. Akaunda divisheni ya miguu mitupu, hakuna kifaru, akaiita Songea. Nikamweleza kuhusu bataliani ya 6 ya King's African Rifles (KAR), ya watu wa Tanganyika, iliyokuja kuwa Tanganyika Rifles mwaka 1961, na kuhusu Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyowafukuza Wajapani kwenye bonde la Kabaw, Burma, mvua za mwaka 1944. Akaamua Songea iende huko huko.

Ilifika. Ilipigana vizuri wiki mbili za kwenye kioo. Kisha alama nyekundu ikaanza kuwaka juu ya kila kikosi.

"Anko, chakula hakifiki. Reli imeishia nyuma kabisa."

"Jenga kituo."

"Kinachukua miezi. Wana siku chache tu, anko."

Akawa anarudisha vikosi kimoja kimoja, uso karibu ugonge kioo, nami nimesimama nyuma yake nikitoa amri zisizo na msaada, ndipo feni ikapunguza mwendo, taa ya sebule ikazima, na laptopu, ambayo betri yake ilikufa zamani, ikazima nayo. Luku ilikuwa imebakiza pointi chache tangu mchana. Mwenye zamu ya kununua umeme nilikuwa mimi.